Tazara Wapo? Kamusi ya Mwanangu Mwenye Usonji

Mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwetu alikuwa amekaa barazani, nami napita na Sudi tukitoka dukani. (Sudi si jina lake, nimemwazimia kwa ajili ya makala haya.) Nikasimama, nikaamkia. Mzee akaitikia, kisha akamgeukia mtoto na kusubiri, kama wazee wanavyosubiri. Sudi alikuwa na miaka sita. Hakumtazama mzee usoni. Alitazama kobazi zake, akasema kwa sauti safi kabisa: "Marahaba, hujambo?"

Mzee alinigeukia mimi. "Mwalimu, wa kwako mwenyewe umeshindwa kumfundisha shikamoo?" Nilimshika Sudi mkono tukaondoka. Usiku ule nilimkalisha kitandani nikamrudisha kwenye shikamoo mara nyingi nisizozihesabu, na kila mara alinijibu marahaba.

Ninafundisha Kiswahili sekondari, na bado ilinichukua miezi kuona jambo lililokuwa wazi kama somo la kidato cha kwanza. Upande wa Sudi, shikamoo ni neno ambalo mama humwambia mtu mwingine, linapita juu ya kichwa chake. Linaloshuka hadi kwake kila tukutanapo na mtu mzima ni "marahaba, hujambo". Basi hilo ndilo alilolishika. Mtoto hakumdharau mzee. Alimwamkia kwa kipande pekee cha salamu alichokuwa nacho.

Kwenye maji ilikuwa hivyohivyo. Akiwa na kiu alikuja jikoni akasema, "Unataka maji." Nafsi ya pili. Swali langu, "Unataka maji?", ndilo lililokuwa likifuatwa na kikombe, kwa hiyo alilibeba zima, ile sauti ya kuuliza tu ikadondoka njiani. Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, ambaye andiko lake la mwaka 1943 kuhusu watoto 11 ndilo lililoufanya usonji, hali aliyo nayo Sudi, ujulikane kwa madaktari wengi, aliona jambo hilohilo: watoto waliojiita "wewe" na kumwita mwenzao "mimi", kwa sababu walirudisha maneno kama yalivyowafikia.

Naanza na hili kwa sababu wazazi wengi wananiuliza kuhusu dawa, mlo, shule gani, mtaalamu yupi. Nitayagusa. Lakini kama ningepewa nafasi ya kumwambia mzazi na mwalimu jambo moja tu, ningewaambia kwamba mtoto huyo tayari anaongea nanyi. Anaongea kwa maneno ya kuokota, kwa kukimbia, kwa kuziba masikio, kwa kujipiga. Kazi ya kwanza ni kuandika kamusi yake, na kamusi hiyo isifungiwe nyumbani wala shuleni.

Sudi alizaliwa mwaka 2011. Alikaa kwa wakati, akatembea kwa wakati. Alipokaribia mwaka na nusu nilianza kuona kwamba haoneshi kitu kwa kidole. Mtoto wa jirani, waliopishana wiki mbili, alikuwa akiona ndege anaonesha angani, kisha anamgeukia mama yake kuhakikisha naye ameona. Sudi akitaka kitu alinishika kifundo, akaupeleka mkono wangu kwenye kabati, kama mtu anayetumia upawa. Nikimwita jina hageuki. Lakini mfuko wa biskuti ukichakarika chumba cha pili, anakuja mbio. Alikuwa na maneno manne, yakapotea mawili.

Kila mtu alikuwa na jibu. Kuna waliosema ana udata, apelekwe akakatwe chini ya ulimi. Kuna waliosema ni televisheni. Mama yangu mzazi alisema mtoto ana jini, akampeleka kwa mganga mara mbili bila mimi kujua. Simlaumu, na nitamrudia mbele, kwa sababu hakuna mtu mzima aliyemjua Sudi kuliko yeye. Watafiti waliowahoji wazazi na watoa huduma huko Kilifi na Mombasa, wakachapisha kazi yao mwaka 2015, walikuta maelezo ya uchawi, mapepo na laana yakikaa pamoja na maelezo ya hospitali. Kwetu yote mawili yalilala nyumba moja.

Ila hili naomba lieleweke. Usonji unatokana na jinsi ubongo unavyokua, na sehemu kubwa ni urithi wa vinasaba. Hauletwi na mama aliyefanya kazi akiwa mjamzito, wala baba aliyekosa sadaka, wala chanjo. Ile habari ya chanjo inayozunguka kwenye WhatsApp ilianza mwaka 1998 kwa andiko la Andrew Wakefield wa Uingereza juu ya watoto 12. Jarida la Lancet lililolichapisha lililifuta mwaka 2010, na mwaka huohuo mwandishi akaondolewa kwenye orodha ya madaktari wa nchi ile. Miaka yote hii baadaye namjua mama, tena msomi, aliyemnyima mwanawe chanjo ya surua kwa sababu ya ujumbe ule. Wala usonji hauna dawa ya kuuondoa. Anayekuuzia chupa, anakuuzia chupa.

Hospitali walianza na masikio, na ndivyo inavyotakiwa, maana asiyesikia naye hageuki akiitwa. Masikio yalikuwa mazima. Mwaka 2016, Sudi akiwa na miaka mitano, ndipo daktari alipolitamka neno lenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Shule ninayofundisha ina wanafunzi zaidi ya 900. Kwa hesabu hiyo tungekuwa nao kama saba. Ama wamo madarasani mwetu na hatujawaona, ama walishazuiwa getini miaka mingi iliyopita.

Kaka yangu ni dereva wa daladala. Inatoka Gongo la Mboto, inapita Ukonga, Banana, Eapoti, Jeti, Tazara, Buguruni, hadi Ubungo. Siku moja nilipoelemewa kabisa, Sudi ana miaka mitatu, alimchukua akamkalisha kiti cha mbele karibu na injini, akazunguka naye tripu nne. Aliporudi, mtoto alikuwa ametulia kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Daladala ni kelele, joto na kubanana, yaani yote yanayomtesa. Lakini daladala ina njia moja. Vituo ni vilevile, kwa mpangilio uleule, na mwisho wake unajulikana tangu mwanzo. Jumamosi ikawa siku ya mjomba. Na ni ndani ya lile gari, miongoni mwa konda na abiria, mwanangu alijifunza kuongea.

Neno la kwanza alilolitumia kwa kukusudia lilikuwa "shusha". Tulikuwa kwa kinyozi, mashine inanguruma kisogoni mwake, naye akapaza sauti: "Shusha! Shusha hapo!" Kinyozi alicheka, wateja wakacheka. Mimi niliganda. Miaka minne nilikuwa nikisubiri mtoto aniambie "mama, sitaki", kumbe ndiyo hiyo imekuja, na imekuja imekamilika. Nilimnyanyua kwenye kiti nywele zikiwa nusu, tukatoka. Watu waliona namdekeza. Nilitaka ajue kwamba akisema, maneno yake yanafanya kazi.

Yaliyofuata yalikuja taratibu. "Mwisho wa gari" ni nimemaliza: sahani, daftari, kuoga, mgeni aliyekaa sana. "Sogea nyuma" ni umenikaribia mno. "Gari limejaa" ni watu wamezidi. Na kuna "Tazara wapo?" Wanaopanda daladala Dar es Salaam wanaijua. Konda akikaribia kituo anauliza kama kuna wa kushuka, na wa kushuka anaitikia. Sudi alianza kuuliza getini, "Mama wapo?", "Bibi wapo?" Kisha usiku, umeme umekatika, peke yake chumbani, tukasikia: "Tazara wapo?" Mara ya kwanza hakuna aliyejibu. Akauliza tena, sauti imepanda. Mama yangu, kutoka chumba cha pili, akaitikia kwa sauti ya abiria: "Wapo!" Kimya. Akalala. Tangu usiku ule hakuna mtu wa nyumba hii anayeacha swali hilo lipite bila jibu, hata kama amelala nusu.

Mtaalamu mmoja tuliyempata kwa shida alinishauri nimkataze. Alisema ni kasuku, anarudia tu, nikimwachia hatajifunza lugha halisi. Nilitii kwa miezi miwili, na miezi ile miwili Sudi alikuwa karibu bubu. Baadaye nilikuja kusoma kwamba mwaka 1981 Barry Prizant na Judith Duchan wa Marekani waliwatazama watoto wanne wenye usonji kwenye mikanda ya video, sentensi kwa sentensi, wakaonesha kuwa kurudiarudia kule kulikuwa na kazi: kushika zamu ya maongezi, kuomba, kukubali, kujiongoza. 1981! Sijawahi kuacha kuhesabu miaka iliyopita kati ya tarehe ile na siku niliyoambiwa nimnyamazishe mwanangu. Yupo pia Damian Milton, msomi wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliyeandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku ni kwa pande mbili: sisi tunashindwa kuwaelewa wao kama wao wanavyoshindwa kutuelewa sisi. Mimi nililiona hilo barazani kwa mzee. Wawili wanaamkiana, wote kwa nia njema, na aliyeonekana kukosea ni mmoja tu.

Shule ya kwanza, ya binafsi, ilimvumilia muhula mmoja. Niliitwa ofisini nikaambiwa kwa upole kwamba wazazi wengine wanalalamika. Ada ya muhula wa pili nilikuwa nimeshailipa, ikarudishwa ndani ya bahasha. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto kama wangu haki ya kusoma pamoja na wengine. Niliijua sheria hiyo. Lakini ukiwa umekaa kwenye kiti cha mgeni, na mtoto yuko nje ya dirisha anazunguka mlingoti wa bendera, hufungui mdomo kutaja sheria. Unachukua bahasha.

Nilikaa kimya pia kwa sababu nilikuwa namkumbuka kijana mmoja. Mwaka 2009 nilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha pili aliyeziba masikio darasani, akayumba mbele na nyuma, na akanisahihisha kila nilipokosea tarehe ubaoni. Hakunitazama usoni hata mara moja. Niliita kiburi. Nilimchapa. Kanuni za mwaka 2002 zinasema anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemkasimu, viboko visizidi 4, na viandikwe kitabuni. Sikuwa nimekasimiwa na sikuandika popote. Kijana aliacha shule kabla ya mtihani wa taifa. Walimu wenzangu mnaosoma hapa, naandika hili ili mjue kwamba siwahutubii kutoka juu. Nilikuwa na kiboko mkononi, na mbele yangu alikuwa mtoto ambaye masikio yake yalikuwa yanauma.

Kitengo kilichompokea Sudi mwaka 2019 kimo ndani ya shule ya msingi ya serikali. Shule zenye vitengo vya usonji hazijatosha. Cha Msimbazi Mseto pale Ilala wengi wanakijua, chetu ni kidogo na jina lake halijulikani. Madawati nane, feni moja, na mwalimu aliyesomea elimu maalumu Patandi, Arusha. Wiki ya kwanza aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mama Sudi, akisema kitu nisichokielewa, nikuulize wewe au kuna mtu anayemjua zaidi?" Nikamwambia, kuna bibi yake. Akaandika namba ya simu ya mama yangu.

Mwezi wa pili Sudi alianza kutoroka. Kila siku, kabla ya mapumziko ya saa nne, anainuka, anapita mlangoni, anakimbia hadi uzio wa nyuma. Mlinzi alimrudisha kwa kumburuta. Wengine walisema anataka kwenda nyumbani, wengine kwamba amezoea uhuru. Mwalimu alinunua kaunta buku ya kwaya mbili, akachora mistari. Safu ya kwanza: amefanya nini, saa ngapi. Ya pili: dakika tano kabla kulikuwa na nini. Ya tatu: tulifanya nini. Ya nne: ikawaje. Akaniambia daftari litalala kwangu, litashinda kwake, na kila mmoja ataandika.

Siku ya tisa nilikuwa nimekaa nalo pale jikoni, nikasoma safu ya kwanza kutoka juu hadi chini. Saa tatu na dakika hamsini na tano. Saa tatu na dakika hamsini na sita. Saa tatu na dakika hamsini na tano. Jumanne hakutoroka. Mwalimu alikuwa ameandika pembeni, bila kuona uzito wake: Jumanne zamu ya kengele alisahau.

Kengele ya shule ile ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwarobaini, inapigwa kwa kipande cha nondo. Mti uko hatua kama kumi kutoka dirisha la kitengo. Mtoto asiyejua kusoma saa ya ukutani alikuwa ameshajua, kwa njia anayoijua yeye, kwamba chuma kile kinakaribia kulia, na alikuwa anakimbilia mahali pa mbali kuliko pote ndani ya uzio. Nasi tulikuwa tunamkamata na kumrudisha palepale, kwa wakati.

Kilichofuata ni wazo la mwalimu, na mpaka leo namshukuru kwalo. Hakumfundisha avumilie. Kwanza rimu ilihamishwa hadi upande wa jiko. Kisha kila siku, ikibaki dakika tano, alimwonesha kadi yenye picha ya kengele na kumpa vizuia sauti, vile vya mafundi wa mashine. Baada ya wiki tatu alimpeleka pale ilipohamishiwa akampa nondo. Sudi aliigusa rimu taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa. Akasikiliza. Akagusa tena. Muhula uliofuata zamu ya kengele ya saa nne ikawa yake, na shule nzima ikazoea kwenda mapumziko kwa sauti ndogo.

Mbinu nyingine tulizotumia zinajulikana na hazina gharama kubwa, kwa hiyo sitakaa nazo sana. Ratiba ya picha, kwa mfano, ni sehemu ya mfumo uliojengwa na Eric Schopler na wenzake huko North Carolina tangu miaka ya 1960 na 1970. Kwangu imekuwa kamba ya nguo iliyofungwa ukutani, vibanio, na kadi za maboksi nilizochora mwenyewe: kikombe, ndoo ya kuogea, sare, daladala. Jambo likiisha, anabandua kadi anaitupa kwenye kopo, anasema "mwisho wa gari". Tuna kadi moja nyekundu isiyo na picha. Hiyo maana yake ni kwamba leo kuna jambo litabadilika. Nilipoanza kuitumia, asubuhi za kupiga kelele zilipungua kuliko kwa kitu kingine chochote. Chakula nimeacha kupigania. Anakula vyeupe: wali, ugali, mihogo, samaki aliyetolewa ngozi. Daktari amemwangalia uzito, basi. Lebo za shingoni nimezikata zote, soksi namvalisha ndani nje.

La kufurika, yaani kuzidiwa mpaka ashindwe kujizuia, ngoja niliseme kwa kirefu, maana hapo ndipo watu wanapotuumiza. Kuna mtoto anayelia ili apewe, anakuchungulia kwa jicho moja aone kama umelainika. Huyo anadeka. Sudi akifurika hachungulii mtu. Shughuli moja ya harusi, Temeke, spika ziko karibu, shangazi zake wanambusu kwa zamu, alianza kusema "gari limejaa". Alisema mara tatu. Mimi nilikuwa nimeshika sahani za wageni. Mara ya nne hakusema, alijitupa chini akaanza kugonga kichwa kwenye sakafu. Watu wakazunguka. Huyu anasema mwagieni maji, huyu anasema someni, huyu anasema mpige kofi moja tu atanyamaza. Kumbe kinachotakiwa ni kinyume cha yote hayo: watu waondoke, sauti ishuke, mmoja abaki, asiseme sana, aweke kanga chini ya kichwa, asubiri. Mama yangu ndiye aliyewafukuza, kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Akaketi sakafuni na gauni lake la harusini, umbali wa hatua moja kutoka kwa mjukuu wake, akakaa kimya dakika ishirini. Usiku nikaandika kwenye daftari: dakika tano kabla, alituambia mara tatu.

Mwalimu alilisoma Jumatatu. Wiki hiyohiyo aliwafundisha watoto wa darasa la tatu, ambao Sudi hujiunga nao kwenye hisabati, maneno sita ya kamusi yake. Watoto hawakuhitaji maelezo marefu, wengi wao wanakuja shuleni kwa daladala. Nilipokwenda kumchukua siku moja nilimsikia akiuliza mlangoni, "Tazara wapo?", na darasa la watoto sabini likaitikia kwa pamoja, bila hata kuinua vichwa kwenye madaftari: "Wapo!" Nilikaa kwenye ngazi nje mpaka nikaweza kuingia.

Sasa ana miaka 14 na ndevu zimeanza. Wanaoandika juu ya usonji wanaandika sana juu ya watoto wadogo, kama vile watabaki wadogo. Kijana mrefu anayemshika nywele mwanamke kwenye foleni, kwa sababu zinang'aa, hachekewi tena. Anaweza kupigwa, anaweza kuitiwa mwizi. Kwa hiyo somo letu la miaka miwili hii ni mwili wake na miili ya wengine. Kadi ya mlango uliofungwa: haya ni ya chumbani kwako, peke yako, na si kosa. Kadi ya mkono: watu tunaowakumbatia ni hawa wanne, wengine ni kuwapungia. Somo hilo lina upande wa pili ambao wazazi tunausahau: yeye mwenyewe ana haki ya kusema "sogea nyuma" na kusikilizwa, hata kama anayemgusa ni mjomba au ustadhi. Mtoto aliyefunzwa kutii kila mtu mzima hana ngao.

Anapenda maji pia, na hilo linaninyima usingizi, maana watoto wetu huondoka kimyakimya na wengi huvutwa na mabwawa na visima. Namba yangu nimeidarizi ndani ya kila shati. Vijana wa kijiwe cha bodaboda wanamjua kwa sura na kwa maneno. Nilikwenda na daftari, nikawasomea ukurasa wa kwanza. Mdogo wake wa kike, mwenye miaka 11, ana Jumapili yake na mimi ambayo haiguswi na kadi yoyote. Alinililia kuipata, na alikuwa na haki.

Mama yangu alifariki mwaka 2023. Msiba ulikuwa nyumbani, turubai, watu hadi barabarani. Kaka alitaka tumpeleke Sudi kwa jirani siku zote tatu. Nilikataa, nikaweka kadi nyekundu asubuhi, nikamvalisha vizuia sauti. Kabla jeneza halijatoka alipenya mwenyewe hadi ndani, akasimama hatua moja kutoka lilipo, umbali uleule aliokaa bibi yake sakafuni kule Temeke. Hakulia. Usiku wa tatu, watu wamepungua, alisimama mlangoni mwa chumba cha bibi akauliza swali lake. Sote tuliokuwa sebuleni tulilisikia, na hakuna aliyekuwa na sauti ya kuitikia. Mdogo wake ndiye aliyeitikia.

Mwaka huu amepata mwalimu mpya, yule wa kwanza amehamishwa mkoa. Nilimkabidhi makaunta buku sita, yamefungwa kwa mpira wa baiskeli. Jumamosi Sudi anaosha gari la mjomba Gongo la Mboto, kwa ujira, vioo kwanza halafu matairi, hakubali kinyume chake. Tunamtazama kama hiyo inaweza kuwa kazi.

Juzi mwalimu mpya alinipigia simu saa tano asubuhi. "Mama Sudi, samahani, nimetafuta kwenye madaftari yote sijaona. Tangu jana anasema 'chenji baadaye'. Anamwambia kila mtu, hata mkuu wa shule. Maana yake nini?" Nikamwambia hilo ni jipya, sijawahi kulisikia kwake. Akasema basi ameliandika, ameweka alama ya kuuliza mbele yake, na ameacha nafasi. Nikamuuliza dakika tano kabla ya kulisema mara ya kwanza kulikuwa na nini darasani. Akanyamaza kidogo, nikamsikia anafungua kurasa.